Wana wa Bogati Wanamgombea Mama

Kibokoni, Mombasa
14 Septemba 2024

Kwa kaka yangu Omar,

Assalam aleikum. Salamu ni haki ya kila Mwislamu, kwa hivyo nakupa. Zingekuwa ni za hiari yangu, leo usingezipata. Nyumbani wote wazima. Shangazi ameng'olewa jino na bado aongea kupita kiasi. Paa la jikoni lavuja pale pale lilipokuwa likivuja. Mume wangu Abdulbasit akusalimu, yeye ana moyo mzuri kuliko mimi.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Simu yako nimeizuia, na nimeizuia kwa sababu. Kila nikikupigia wampa mama kabla sijamaliza salamu. Na mama simu haiweki sikioni, huiweka mezani kwa spika, na hapo wanao Hiba na Rayyan wapo, jirani yenu yupo, mji wenu mzima wa Burnsville wanisikiliza. Nami nina neno ambalo si la spika.

Nina mimba, Omar. Yaingia mwezi wa tano. Wanaojua ni mume wangu na daktari, na sasa wewe. Ile ya kwanza nilimwambia kila mtu, mpaka muuza mahamri alijua, na ikaharibika. Aliyenishika siku ile ni mama. Sasa hii nimeifungia kinywa, maana hasidi hana sababu.

Nakuomba jambo moja tu. Mwambie mama faraghani, mdomo kwa sikio, kisha umrudishe. Nataka kujifungua mikononi mwake, anikande, anilee arobaini yangu kama yeye alivyolelewa na mamake. Ulipomchukua mwaka jana ulisema aja kutembea miezi mitatu, awaone wajukuu. Hatukukuuliza kitu. Kisha ikawa baridi imekaza, kisha ikawa makaratasi, kisha ukanyamaza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na naona jembe mmeshampa: apika, afua, apokea watoto kwenye basi la shule. Mimi si mjinga. Nasikia sahani zikigongana kwenye hiyo spika yenu.

Mzazi wa mtoto wa kwanza kwetu halelewi na jirani, na mama mkwe wangu alishakufa, wajua. Nategemea kujifungua mwishoni mwa mwezi wa pili, inshallah. Nijibu upesi, na unijibu nililokuuliza, usinijibu mengine.

Nduguyo,
Salwa


Burnsville, Minnesota
20 Oktoba 2024

Mdogo wangu Salwa,

Wa aleikum salaam. Barua yako imefika, naona imezunguka dunia nzima kwanza. Sisi wazima, alhamdulillahi. Rayyan ameng'oka meno mawili ya mbele, akicheka utamhurumia. Hiba yuko darasa la tano. Kila tunachosema anaelewa lakini akijibu ni Kizungu tu. Mama anamsemesha Kiswahili, yeye anarudisha Kizungu, na wanaelewana hivyo hivyo kutwa. Mama mzima sana, amenenepa. Amepata shoga, Goretti, Mkongo wa Bukavu anayekaa chini yetu. Goretti ni mtu wa kanisa, Jumapili nzima yuko huko anaimba, lakini siku nyingine zote ukimtaka mama mtafute jikoni kwa Goretti.

Mimi bado niko na ile hoteli ya Bloomington, na-drive basi dogo la kuchukua wageni uwanja wa ndege. Siku nyingine shifti mbili. Usiku unaanza kuingia mapema, mwezi ujao itakuwa saa kumi na moja giza.

Acha nikupe kichekesho. Unajua kibandiko cha jina langu kazini kimeandikwa Bogart, kwa sababu walionitengenezea makaratasi waliona Bogati wakadhani nimekosea jina langu mwenyewe. Basi juzi tuko mapumziko, tunapitishiana mfuko wa krispi, mfuko ukanifikia nikausahau mkononi huku naangalia simu. Mzee mmoja Mzungu, fundi wa magari yetu, akanisoma kifuani akaangua kicheko: kumbe ndiyo maana! Akanieleza kwamba huku jina la yule mcheza sinema wa zamani limegeuka neno la mtaani. Kama watu wanapokezana kitu, sigara hasa, na mmoja akaishikilia hataki kumpa mwenzake, wanasema huyo amebogati. Ati kwa sababu kwenye sinema sigara haikuwa ikimtoka mdomoni. Nikamwambia, baba yangu mimi alipata jina hilo kwa kofia tu. Alikuwa akikata tikiti mlangoni pa sinema Mombasa, kofia ya ukingo mpana kailaza upande, vijana wa mji wakamwita Bogati mpaka likaingia kwenye kitambulisho. Walicheka sana. Sasa mfuko ukipita wananiruka.

Kuhusu mama, makaratasi yake hayajakaa sawa. Akitoka sasa anaweza kupoteza kila kitu. Halafu baridi ndiyo hiyo inaingia, si wakati wa kumsafirisha mtu mzima. Tuvute subira. Na yeye mwenyewe hajasema kama anataka kuondoka.

Msalimie Abdulbasit na shangazi. Fungulia simu basi, mambo ya barua yamepitwa na wakati.

Kaka yako,
Omar


Kibokoni, Mombasa
9 Novemba 2024

Omar,

Assalam aleikum, na salamu zimeishia hapo. Shangazi mzima, paa bado lavuja, Abdulbasit amenikataza kuandika nikiwa na hasira. Ndiyo maana naandika yeye akiwa msikitini.

Kurasa tatu! Meno ya Rayyan yamo. Krispi zimo. Fundi wa Kizungu yumo na kicheko chake. Mimba yangu haimo. Hata mashallah hukuiandika, Omar! Hata Mungu akujaalie! Niliisoma mara mbili nikidhani karatasi moja imeanguka njiani. Sikujua kama mtu aweza kusoma neno kama lile la nduguye kisha akakaa kitako akaandika habari za krispi.

Ati yeye mwenyewe hajasema kama anataka kuondoka. Atasemaje na hajui? Au umemwambia? Kama umemwambia na amechagua kukaa, niandikie hivyo kwa mkono wako, nijue sina mama. Na kama hukumwambia, basi sijui nikuite nani.

Au tuseme jina umeshanipa. Hilo neno la wenzako nimelipenda, limekukaa. Mama ni wa sote, zamu yangu imefika, nawe umemng'ang'ania hutaki kumpokeza. Ila baba usimtie humo. Baba alikuwa na sigara moja na marafiki watano pale mlangoni, akawapitishia wote, yake ikawa kile kipande cha mwisho cha kuunguza vidole. Wewe mwenyewe wakumbuka alama zilivyokuwa. Jina lile lilikuwa safi mpaka likafika kwako.

Na jambo jingine. Khadijah hukumtaja. Wifi yangu hata tulipokosana hakuacha kunitumia salamu, hata zile za kuchoma. Sasa barua nzima kimya. Kuna nini huko?

Barua hii akuletea Wairimu, yule nesi wa Brooklyn Center, huko kwenu Minnesota, aliyekuja huku likizo. Nimempa pia kifurushi cha mama. Hamna cha maana ndani, ni viungo vya jikoni: pilipili manga, tangawizi kavu, hiliki, habasoda, na kitambaa nimemwekea chini yake. Huko najua mwala vya kopo. Mpe mama mkononi mwake. Nadhani hilo utaliweza.

Salwa


Burnsville
8 Desemba 2024

Salwa,

Umefurahi?

Salamu baadaye. Kile kifurushi nilimpa mama mimi mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, kama bwege. Nilikaa nikamtazama akikifungua, nikasema moyoni, angalau leo atacheka. Akafungua pilipili manga akainusa. Akafungua tangawizi. Kisha akavuta kile kitambaa, kikaja, kikaja, hakiishi, cheupe, chembamba, nikadhani ni pazia umemletea. Akakipima kwa mkono wake, dhiraa kwa dhiraa. Halafu akakaa chini. Si kitini, chini, sakafuni pa jikoni, akaanza kuhesabu kwa vidole.

Akaniuliza, "Tumbo la Salwa ni la mwezi wa ngapi?"

Nikamwambia sijui.

Akanitazama. Akasema, "Wajua."

Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kwake. Watoto anawapikia, anawaogesha, anaongea nao, anacheka nao. Mimi sahani yangu naikuta imefunikwa mezani, na yeye yuko chini kwa Goretti. Heri angenitukana. Nyumba ya vyumba viwili, mtu anapita karibu yako hakuoni!

Umenizunguka, Salwa. Umenipa kisu nijichome mwenyewe. Ningemwambia. Ungeniachia nimwambie kwa wakati wangu. Usiniulize wakati wangu ulikuwa lini.

Unanililia mimi! Wewe una shangazi hapo hapo nyumbani, una mume anayerudi kula nyumbani kila adhuhuri, una Kibokoni nzima ya kukuletea uji mpaka uukimbie. Mimi hapa nikianguka mlangoni, wa kwanza kujua ni postamani. Theluji imefika magotini, asubuhi naanza kufukua gari ndiyo nikafukue mkate. Hilo huliandiki kwenye barua zako. Wewe unaona ndege tu na uwanja wake.

Khadijah ana kazi nyingi, ndiyo maana hakusalimu. Na mambo ya nyumba yangu usiniulize tena.

Mama harudi mpaka shule zifungwe, mwezi wa sita. Mtoto wako hatakimbia. Atamkuta bado mtoto.

Omar


Kibokoni, Mombasa
29 Desemba 2024

Omar,

Mwezi wa sita!

Nimeisoma mbele ya shangazi, maana sasa tumbo lishajitangaza na hakuna cha kuficha, na shangazi aliyeng'olewa jino, asiyenyamaza hata usingizini, amenyamaza. Wallahi hilo peke yake lingekutosha aibu.

Sasa nikufundishe, kwa kuwa hukufunzwa. Kile si pazia, mjinga wewe. Ni mkaja. Mwanamke akishajifungua hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, kisha hufungwa mkaja tumboni, uzungushwe na kukazwa, mpaka mwili urudi mahali pake. Pilipili manga na tangawizi ni za uji wake. Anayemfunga ni mama mzazi. Mwanamke wa kwetu akitumiwa vitu vile na bintiye aliye mbali, haandikiwi barua tena. Wewe umezaliwa nyumba hii, umekula uji huo uliobaki mimi nilipozaliwa, na ukavitazama ukadhani ni vya pilau! Sikukuzunguka. Nilikupitishia mbele ya macho. Kama ungekuwa umemwambia mama kwa ulimi wako, kifurushi kingekuwa ni zawadi tu.

Na usinipe theluji. Theluji hukuikuta barabarani ukaokota, uliifuata mwenyewe.

Mama amenipigia. Si kwa spika yenu, ni kwa simu ya Goretti, amesimama jikoni kwake. Hatukuongea sana, tulilia tu, kila mmoja upande wake. Goretti alikuwa nyuma yake, namsikia: "Mama, usilie, tutakusaidia, tuko pamoja." Mkristo wa Bukavu, hatujaonana uso kwa uso, amenifanyia lile ambalo ndugu yangu wa tumbo moja alininyima. Mama akasema, "Naja, mwanangu." Nikamuuliza, na Omar? Akasema, "Muulize nduguyo yaliyo nyumbani kwake. Si yangu kuyasema."

Basi nakuuliza. Nyumbani kwako kuna nini? Mama umemficha mimba yangu, na bado yeye akuchungia siri yako, hata baada ya hayo! Mimi ningekuanika juani. Sema, Omar. Au hata hilo walishikilia?

Salwa


Burnsville
8 Februari 2025

Salwa,

Assalam aleikum. Barua hii anakuletea mama mwenyewe, imo kwenye mkoba wake, mfuko wa ndani pamoja na dawa zake za presha. Kwa hiyo umeshinda. Ukiisoma mbele yake usipige kelele, amechoka na safari.

Naandika meza ya jikoni. Mama yuko chumbani anafunga mizigo, na Hiba amekalia sanduku ili lisifungike.

Unataka kujua. Khadijah aliondoka Ramadhani iliyopita. Alikuja na gari la binamu yake, akapakia nguo zake na mashine ya kusagia, akaenda Brooklyn Center, na huko ndiko aliko. Watoto anawachukua Jumapili, anawarudisha jioni, hashuki garini. Talaka sijaandika, wala yeye hajaniomba. Alisema nyumba hii ina mwanamke mmoja na mwanamke huyo si yeye. Alisema mama aliitwa aje kuwaona wajukuu, mimi nikamfanya mwenye nyumba, na yeye mke wangu nikamfanya mpangaji. Nilimwambia aende basi kama anataka kwenda. Akaenda! Sikudhani ataenda.

Haya, nishaitoa. Cheka sasa. Mtaa mzima ulicheza harusini kwangu, siku tatu, mpaka ngoma ikapasuka. Ulitaka niwaandikie nini? Kwamba Omar wa Bogati, aliye Amerika, mkewe amemkimbia, na anaogeshewa watoto na mamake? Barua zako zikija nazifungua choo cha kazini, nasoma pale, nazirudisha mfukoni. Uliponiambia una mimba, la kwanza nililoliwaza halikuwa mashallah. Niliwaza, nani atamngoja Rayyan kwenye basi? Hilo ndilo nililoliwaza, nalo nisingeweza kuliandika, nikaandika krispi.

Makaratasi ya mama yalikuwa tayari tangu mwezi wa saba. Kadi yake ya ukaazi anayo. Jua na hilo ukasirike mara moja.

Mama ameniambia maneno jana, ya kwanza tangu kifurushi chako. Alisema, "Ungeniambia, ningekwenda nikarudi. Sasa nakwenda nikiwa sijui kama nitakutazama tena." Ndivyo alivyosema, kwa sauti ndogo, anakunja kanga. Nilitaka anipige.

Goretti atapokea watoto kwenye basi siku anazoweza. Siku asizoweza sijui. Kila siku napeleka watu uwanja wa ndege, nawashushia mizigo, nawatakia safari njema na tabasamu juu. Leo sijui nitasema nini.

Mungu akushushe salama. Hii ilipaswa kuwa barua ya kwanza.

Omar


Kibokoni, Mombasa
20 Machi 2025

Omar,

Wa aleikum salaam. Nimejifungua mtoto wa kike mwishoni mwa Shaabani, alfajiri, mama akiwa amenishika mabega. Mzima, mimi mzima. Abdulbasit alipoambiwa alikaa nje kibarazani akalia mpaka wapita njia wakampa pole, wakidhani ni msiba. Wamefunga wote humu isipokuwa mimi na mwanangu. Mama afunga, apika futari, anikanda asubuhi na jioni, na mkaja aukaza mpaka nikamwambia mama, ni mwili huu si mzigo wa forodhani.

Barua yako niliisoma nikapiga kelele. Pole. Nilijizuia mpaka kwenye lile la makaratasi, hapo nikashindwa. Tangu mwezi wa saba! Na mengine uliyoandika, ya Khadijah, nilinyamaza. Sitakwambia nilihisi nini kwa sababu bado nina hasira nawe na sitaki uipunguze. Ila hili nitakwambia: mimi ni dadako. Ungeandika "Salwa, nimeachwa, nisaidie," nisingecheza ngoma. Ningekuja na tumbo langu. Ukanifanya mimi ndiye mtaa.

Ulijiuliza utasema nini uwanjani. Mama amenisimulia ulichofanya. Ulimshushia sanduku, ukasimama, na gari lako likapigiwa honi na mengine nyuma. Aliyesema ni Hiba. Mtoto ambaye hajawahi kumjibu mama neno moja la Kiswahili alishuka garini kwenye ile baridi bila koti akasema, "Bibi, usiniache." Mama alipofika hapo kwenye hadithi alitoka chumbani akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Nilidhani nimempata, Omar. Nataka ujue hivyo. Nilidhani ukishamtoa kwenye makucha yako mimi nitakuwa na mama. Lakini ikifika saa ambayo kwenu watoto huamka, yeye husimama. Huku ni alasiri, nami nimelala na mtoto, namwona asimama katikati ya chumba, hajui alichoinukia. Mtoto wangu, mama amemwita Hiba mara ngapi sijui. Mara ya kwanza nilicheka. Jana nilimwambia mama, huyu ana jina lake! Akasema, "Samahani, mwanangu," na akambusu mtoto, na bado macho yake yalikuwa mbali.

Juzi nikamuuliza. Nikasema, mama, arobaini ikiisha tutafanya nini? Nilitaka aseme tutakwenda kumnunulia mtoto hereni. Akasema, "Baada ya Idi narudi kwa nduguyo."

Narudi! Aliyefichwa habari, aliyesusa kukusemesha, aliyenisikitikia kwa simu ya watu! Nikamwambia, mama, na mimi? Akanijibu akiwa akoroga uji wangu, wala hakugeuka: "Wewe una mume, una shangazi, una mlango usiofungwa. Omar hana mtu." Maneno yale yale uliyoniandikia wewe, kana kwamba mlikaa mkayapanga. Uji ule niliumwaga dirishani. Shangazi alikuwa chini, ukammwagikia. Bado hatusemezani vizuri.

Nina hasira na wewe kwa kumchukua. Nina hasira na yeye kwa kukuhurumia. Nina hasira na Hiba, mtoto mdogo wa watu, sikufichi. Na hasira kubwa kuliko zote ni kwamba mama amesema kweli, kwa sababu nimelala kwenye kitanda hiki nimezungukwa na watu saba wakigombea kumbeba mwanangu, na wewe uko na sahani usiyojua nani ataifunika.

Sasa sikiliza. Pasipoti yake ninayo mimi. Ilipo hujui, wala yeye hajui. Leo asubuhi ameitafuta sandukuni, akatoa nguo zote, akazirudisha, akanitazama. Nikaendelea kunyonyesha. Na akinitazama hivyo mpaka Idi ya mwaka ujao, simpi.

Simpi mpaka uje. Usinitumie mtu wala usinitumie tikiti. Uje wewe, na Hiba, na Rayyan, na kama Khadijah atakubali kukaa nawe ndege moja, njoo naye. Umwombe mama msamaha mbele yangu, hapa chumbani, mikono yako nikiiona. Kisha tutakaa chini tuseme nani akae naye lini, kama wenzetu wanavyosemezana.

Simu yako nimeifungulia. Usinipigie. Bisha hodi mlangoni, nitakufungulia mwenyewe hata arobaini haijaisha, na tutagombana uso kwa uso kama watu waliozaliwa na mama mmoja.

Salwa